Mipako ya asili kwenye mifuko ya karatasi ya korosho: inaongeza uimara au inaupunguza?

MfungashajiMtwara

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaendesha karakana ndogo ya mifuko ya karatasi hapa Mtwara, na wateja wangu wakubwa ni vikundi vya kina mama wanaobangua na kukaanga korosho kwa ajili ya maduka, mabasi na wageni. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 liligusa mifuko ya kubebea na si vifungashio vya bidhaa, lakini tangu wakati huo wanunuzi wengi wamependa kuona korosho ndani ya karatasi, na maombi hayajapungua.

Tatizo ni kwamba karatasi tupu haivumilii korosho. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, na baada ya muda mfupi doa hutokea upande wa nje. Kwa hiyo nimeanza kutumia mipako ya asili. Karatasi yangu ni khaki ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Ninapika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ninatia gliserini, ninaupaka kwa rola kwenye uso utakaokuwa ndani ya mfuko, na ukikauka ninapitisha juu yake nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Upande wa nje ninauacha bila kitu ili chapa ya mteja ikae.

Mfuko ukiwa mpya na mkavu ni mgumu kuliko karatasi tupu, na unabeba mzigo bila kulegea. Baada ya hapo yanatokea mambo matatu. Kwanza, mafuta hupenya kwenye mikunjo, hasa ule wa ubavuni unaoingia ndani, wakati sehemu zilizonyooka zikiwa bado safi. Pili, mvua zikianza Desemba, mifuko iliyokaa stoo hulegea, hugandana, na mingine huota madoadoa ya ukungu. Tatu, mfuko uliopakwa huchanika kwa urahisi zaidi mtu akishaanza kuuchana kutoka kwenye ukingo, jambo ambalo sikulitarajia kwa kuwa unaonekana mgumu zaidi.

Naomba kuelimishwa: je, mipako hii inaongeza uimara wa karatasi au inaupunguza? Na kama inawezekana kupata faida bila hasara hizo, nibadilishe nini?

KemiaYaKaratasi

Dada, umetaja mahali hasa mfuko unapoharibikia, na hilo limerahisisha kazi yangu. Uimara wa karatasi haupimwi kwa kitu kimoja. Karatasi inaweza kuwa na nguvu kubwa ya kuvutwa na nguvu ndogo ya kuchanika. Inaweza kustahimili mgandamizo ikiwa kavu na kushindwa kabisa ikiwa na unyevu. Inaweza kuwa imara ikiwa imenyooka na ikafa kwenye mkunjo wa kwanza. Upako huongeza baadhi ya sifa hizi na kupunguza nyingine, na ndiyo maana unaona mambo yanayoonekana kupingana.

Nianze na karatasi yenyewe. Nyuzi za selulosi hushikana kwa viungo vya haidrojeni pale zinapogusana, na nguvu ya karatasi kavu inategemea nyuzi pamoja na idadi ya viungo hivyo. Maji yakiingia, huchukua nafasi ya viungo hivyo na nyuzi huanza kuteleza, kiasi kwamba karatasi ya kawaida iliyolowa kabisa hubaki na sehemu ndogo tu ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa kavu. Hata bila kulowa, karatasi hunywa unyevu wa hewani: kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huwa na maji yanayokaribia asilimia 7 au 8 ya uzito wake, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 90 kiasi hicho kinaweza kukaribia maradufu. Hali ya hewa ya pwani wakati wa mvua ndiyo hiyo.

Sasa wanga. Ukipakwa, huingia katika nafasi zilizo kati ya nyuzi na kuziunganisha, ndiyo maana mfuko wako ni mgumu na unabeba zaidi. Mashine kubwa za karatasi hufanya jambo hilohilo kwa wanga wa takriban gramu 1 hadi 3 kwa mita ya mraba kila upande. Lakini nguvu ya kuchanika ina tabia tofauti. Karatasi inapochanwa, nyuzi ndefu zinazochomoka taratibu kutoka kwa jirani zake hula nguvu nyingi ya mkono wa anayechana. Nyuzi hizo zikigandishwa imara kwa wanga, hazichomoki tena bali hukatika papo hapo, na mpasuko hukimbia. Hilo ndilo jibu la jambo lako la tatu, na tiba yake si upako mzito zaidi. Tiba ni upako mwepesi juu ya karatasi yenye nyuzi ndefu. Krafti mpya (karatasi imara ya kahawia ya nyuzi za mbao) ya miti ya paini, kama inayotengenezwa Mgololo wilayani Mufindi, huvumilia hasara hii vizuri kuliko khaki iliyotokana na karatasi chakavu, ambayo nyuzi zake zimeshafupika.

Kuhusu mikunjo, utando wa wanga usio na kilainishi hukatika ukinyooshwa kidogo sana. Gliserini huusaidia kunyumbuka, na kwa kawaida huwekwa kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya uzito wa wanga mkavu. Ikizidi hapo, inakuwa adui, kwa sababu gliserini hupenda maji: msimu wa mvua huvuta unyevu kutoka hewani, utando unakuwa laini na wenye kunata, na mifuko iliyopangwa kwa rundo hugandana. Hapohapo kuvu hupata chakula na maji kwa pamoja. Ikiwa ni pungufu, au ikihama polepole kutoka kwenye utando kuingia katika nyuzi, utando hurudia ukavu wake na kupasuka.

Ule mkunjo wa ubavuni unaoingia ndani unastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika kona za kawaida za mfuko, uso wa ndani hubanwa. Katika mkunjo unaoingia ndani, uso wa ndani ndio unaokuwa upande wa nje wa pindo, kwa hiyo ndio unaonyooshwa. Ukifungua mkunjo huo na kuuangalia kwa kioo cha kukuzia, naamini utaona mstari wa nyufa ndogo zinazofuata pindo. Mafuta hayahitaji tundu kubwa kuliko hapo.

Hoja yangu kuu, hata hivyo, ni mpangilio wa tabaka zako. Nta huzuia maji lakini si kizuizi kizuri cha mafuta, kwa kuwa yenyewe ina asili ya mafuta; mafuta ya korosho yakiigusa kwa muda hulainisha nta na kupita. Wanga ni kinyume chake: huzuia mafuta vizuri mradi tu umebaki mkavu, na unyevu ukiingia kizuizi chake hulegea. Wewe umeiweka nta mahali inapokutana na mafuta, na umeuacha upande wa nje, ambako unyevu wa mvua unatoka, bila kinga yoyote. Unyevu unapita katika karatasi, unafika kwenye wanga kwa nyuma na kuulainisha, wakati nta imekaa mbele ya korosho ikilainika kwa mafuta. Ukizibadilisha nafasi, wanga ndani ukitazamana na korosho na nta nje ikitazamana na hewa, kila tabaka litafanya kazi linayoiweza, na nta itaulinda wanga dhidi ya unyevu unaouharibu.

FundiMifuko_Nairobi

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kuhusu mpangilio wa tabaka, nami naongeza ya karakana. Hapa Kenya tuliingia katika mifuko ya karatasi kwa kishindo baada ya katazo la tarehe 28 Agosti 2017, na mengi tuliyojifunza yanahusu hatua za kazi kuliko kemia.

Angalia uelekeo wa nyuzi. Karatasi itokayo mashineni huwa na nyuzi nyingi zilizolala kuelekea upande ambao mashine ilikuwa ikienda. Kata kipande cha mraba, kilowanishe uso mmoja kwa sifongo, nacho kitajikunja kama bomba. Urefu wa bomba hilo ndio uelekeo wa nyuzi. Mikunjo mirefu ya ubavuni ipangwe iende sambamba na uelekeo huo. Mkunjo unaokata nyuzi kwa mlalo huvunja nyuzi zenyewe pamoja na upako, na hakuna gliserini itakayouokoa.

Pili, piga mistari ya mikunjo kabla ya kupaka, kwa chuma butu kisichokata. Karatasi ikishakubali pindo, upako unaokuja juu yake hauteseki sana. Tatu, kunja wanga ukiwa umekauka lakini haujakakamaa. Karatasi iliyotoka tu kwenye joto la kukaushia ni kavu kupita kiasi, nayo huvunjika. Iache ipumzike kwenye hewa ya kawaida usiku kucha ndipo uikunje.

Nta ikienda nje, italeta taabu mbili ambazo lazima zipangwe mapema. Gundi ya maji haishiki juu ya nta, kwa hiyo uache ukanda usiopakwa kwenye mshono na kwenye kitako. Chapa nayo ipigwe kwanza, ikauke kabisa, ndipo nta ifuate. Wino mwingi haukai juu ya nta. Rola ya nta iwe na joto la kuiyeyusha tu, kwa kuwa nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi. Ukiichemsha mpaka inatoa moshi, huzama ndani ya karatasi badala ya kukaa juu, karatasi inakuwa na mng'ao wa kupitisha mwanga kama iliyomwagikiwa mafuta, na unatumia nta nyingi kupata kinga kidogo.

Jambo la mwisho ni karatasi kujikunja baada ya kupakwa. Wanga hunywea unapokauka na kuivuta karatasi upande wake. Tunazikausha kwa kuzitandaza juu ya wavu, na zikibakiza unyevu kidogo tunazipanga chini ya ubao mzito.

MwaniKusiniUnguja

Assalaam aleikum. Nashauri dada atazame pia mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza hapa Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na hadi leo mwingi wa mwani wetu husafirishwa ukiwa mkavu tu ili wengine waukamue karajinani, yaani ule ute wake unaogandisha. Karajinani hutengeneza utando mzuri juu ya karatasi, nao huzuia mafuta kwa njia ileile ya wanga.

Aina zetu mbili hazifanani, lakini. Kotonii hutoa karajinani ya aina ya kapa, ambayo ikikutana na potasiamu hufanya jeli ngumu inayovunjika. Spinosamu, ambayo ndiyo tunayoilima zaidi kwa sababu kotonii huteseka maji ya bahari yakipata joto, hutoa aina ya iota, ambayo ikikutana na kalsiamu hufanya jeli laini yenye kunyumbuka. Kwa mtu anayesumbuliwa na mikunjo, ningeanza na hiyo ya pili, ikichanganywa na wanga wa muhogo.

Tahadhari yangu ni moja. Mwani uliochemshwa nyumbani na kuchujwa kwa kitambaa hubaki na chumvi nyingi, na chumvi nayo huvuta unyevu. Karatasi iliyopakwa uji wa namna hiyo itakuwa imelegea hata kabla ya mvua kufika. Afadhali kununua unga uliosafishwa kwa matumizi ya chakula.

MfungashajiMtwara

Nawashukuru sana nyote. Nimefungua mkunjo wa ubavuni wa mfuko mmoja uliovuja na kuutazama kwa kioo cha kukuzia: nyufa zipo, zimejipanga kama alivyosema KemiaYaKaratasi, na kila doa limeanzia kwenye ufa. Nitageuza tabaka.

Nina maswali mawili ya ziada. Huku tunapata maganda ya kamba na uduvi kwa wingi, na nimesikia kwamba kitosani inayotokana nayo ni bora kuliko wanga kwa sababu inazuia ukungu. Je, inafaa kwa karakana kama yangu? Pia wapo wanaonishauri nitumie mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa yanazuia maji na sisi tunayo hapa bila gharama kubwa.

KemiaYaKaratasi

Nianze na la pili kwa sababu linahusu usalama: hapana, usiyatumie kwenye kifungashio cha chakula. Mafuta ghafi ya ganda la korosho yana asidi ya anakadiki na kadoli, vitu vilevile vinavyobabua mikono ya kina mama wanaobangua bila kinga. Viwandani hutengenezewa rangi, vanishi na vifaa vya breki, na huko yana thamani yake. Kuzuia maji ni sifa moja tu. Kitu kinachogusa chakula kina masharti mengine kabla ya hiyo.

Kitosani ni nzuri kweli. Ina chaji chanya wakati uso wa selulosi una chaji hasi kidogo, kwa hiyo hushikamana na nyuzi vizuri, huongeza nguvu ya karatasi kavu na kidogo hata ya iliyolowa, huzuia mafuta, na hupunguza kasi ya ukungu. Ila sikushauri uitengeneze mwenyewe. Kuibadilisha kitini ya maganda kuwa kitosani kunahitaji magadi makali sana yaliyokolezwa na kuchemshwa, kazi ambayo haifai kufanyiwa kwenye sufuria uani, na maji machafu yake hayafai kumwagwa ovyo. Ununue unga uliosafishwa. Haiyeyuki katika maji matupu. Inahitaji asidi kidogo, na siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5, ukiichanganya sehemu moja kwa nne za maji, inakupa asilimia 1 inayotosha.

Kikwazo chake kikubwa karakanani ni maji. Kitosani huwa nzito mapema mno, kwa hiyo mara nyingi huwezi kupita asilimia 2 ya mchanganyiko. Kuacha gramu 2 za kitosani kwenye mita ya mraba kunakulazimu kupaka gramu 100 za mchanganyiko juu ya karatasi ya gramu 80, yaani unaimwagia karatasi maji kuzidi uzito wake. Itavimba, itajikunja, na ikikauka haitakuwa tambarare tena. Wanga wa asilimia 10 unaacha gramu hizohizo 2 kwa gramu 20 tu za mchanganyiko. Kwa hiyo ningetumia wanga kama msingi, kisha nikatia kitosani kidogo ndani yake kwa ajili ya kushikamana na kupunguza ukungu. Ukiitumia, iandikwe kwenye kifungashio kwamba ina asili ya kamba, kwa kuwa wapo watu wanaodhurika na vyakula vya jamii hiyo.

Nionye pia kuhusu jambo linalopendekezwa mara kwa mara, la kutia asidi ya sitriki ili wanga usiyeyuke katika maji. Kikemia ni sahihi: asidi hiyo huunganisha minyororo ya wanga na selulosi. Lakini muungano huo unataka joto la takriban nyuzi 150 au zaidi, na asidi pamoja na joto hukata minyororo ya selulosi yenyewe. Karatasi hutoka ikiwa inastahimili maji vizuri lakini haistahimili kukunjwa. Kwa kifungashio kinacholala tambarare huenda likakubalika. Kwa mfuko wenye mikunjo mirefu na kitako, mimi silikubali.

MtanzaniaUlaya

Naomba kuongeza neno moja kwa wanaofikiria soko la nje. Karatasi nyingi za kuzuia mafuta zilizotamba kwa miaka mingi zilipata uwezo huo kutokana na kemikali za florini zinazoitwa kwa kifupi PFAS. Denmark ilizikataza kwenye karatasi na makaratasi magumu ya vyakula tangu Julai 2020, Marekani ilitangaza Februari 2024 kwamba bidhaa za aina hiyo za kuzuia mafuta kwenye vifungashio vya chakula haziuzwi tena huko, na kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu vifungashio, namba 2025/40, inaziwekea mipaka mikali kwenye vifungashio vinavyogusa chakula kuanzia tarehe 12 Agosti 2026. Kwa hiyo wanga, kitosani na mwani vinavyojadiliwa hapa si mbadala wa watu wasio na uwezo. Ndivyo vitu ambavyo viwanda vikubwa navyo vinavitafuta. Ukinunua karatasi ambayo tayari inazuia mafuta, mwulize muuzaji kwa maandishi imepakwa nini.

MpimajiVifungashio

Nimefanya kazi ya kupima vifungashio kwa muda mrefu, na ninaona kwamba dada hatafika mbali asipoweza kujua kwa kipimo kama toleo moja ni bora kuliko jingine. Vipimo rasmi vipo, na maabara ya vifungashio ya Shirika la Viwango Tanzania ndiyo mahali pa kwenda mtu anapohitaji cheti. Kwa kazi ya kila siku, hivi vinne vinaweza kufanyika kwenye meza ya karakana.

Uzito wa upako uje kwanza. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10, upime kipande kabla ya kupakwa na baada ya kupakwa na kukauka, kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Kila sehemu ya mia ya gramu iliyoongezeka ni gramu 1 kwa mita ya mraba. Wengi wanaopaka kwa rola la mkono hushangaa kuona wameweka gramu 12 mahali walipodhani wameweka 3, na gramu hizo za ziada ndizo zinazopasuka kwenye mkunjo.

Kipimo cha kufyonza maji, kinachojulikana kwa jina la Cobb, huhesabu gramu za maji zinazoingia kwenye mita ya mraba ya karatasi kwa sekunde 60. Chukua kipande kifupi cha bomba la maji taka la inchi 4, ulainishe ukingo wake, uukaze juu ya karatasi iliyolala kwenye mpira laini, mimina maji kina cha sentimita 1, na muda ukiisha umwage haraka, ukaushe uso kwa karatasi ya kufyonza bila kusugua, na upime uzito ulioongezeka. Pima kipenyo cha ndani cha bomba lako ili ujue eneo: kikiwa sentimita 10.4, eneo ni karibu sentimita 85 za mraba. Pima uso wenye nta na uso wenye wanga kando kando, kwa kuwa majibu yake yatatofautiana sana.

Kwa mafuta, usipime karatasi iliyonyooka peke yake. Ikunje, pitisha juu ya mkunjo uzito wa kilo moja uliolala sawasawa, ifungue, uiweke juu ya karatasi nyeupe, kisha udondoshe mafuta ya korosho yaliyotiwa rangi juu ya pindo. Fanya hivyo kwa mkunjo wa kuingia ndani na wa kutoka nje. Iache mahali penye joto la kawaida la dukani, uangalie karatasi nyeupe baada ya saa moja, saa nne na siku nzima. Kipimo cha viwandani kinachotumia vimiminika 12 vya namba tofauti kilitungwa kwa ajili ya karatasi za florini, na mara nyingi hakisemi kweli kuhusu mipako ya asili. Mafuta ya bidhaa yenyewe ni shahidi bora.

Cha nne ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote. Maabara hupima karatasi kwenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, hali ambayo stoo ya Mtwara haiijui mwezi wa Februari. Tengeneza kisanduku cha unyevu: ndoo yenye mfuniko wa kubana, ndani yake bakuli la chumvi ya mezani iliyolowanishwa mpaka iwe kama uji mzito wenye chumvi isiyoyeyuka, na juu yake wavu wa kuwekea sampuli zisiguse chumvi. Hewa iliyofungiwa humo hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 75. Weka mifuko yako kwa siku mbili, kisha rudia vipimo vyote, pamoja na kuijaza mchanga uzito wa korosho na kuiangusha kutoka kimo cha mita moja. Mfuko unaofaulu ukiwa mkavu na kushindwa baada ya kukaa ndooni usiuuze msimu wa mvua.

MfungashajiMtwara

Mizani ya namna hiyo ninayo kwa ajili ya kupima gliserini, na bomba na ndoo si vitu vya kutafuta mbali. Swali langu la mwisho: nikishageuza tabaka na kupunguza uzito wa upako, ninaweza kuwaahidi wateja kwamba korosho itakaa miezi mingapi?

KemiaYaKaratasi

Usiwaahidi miezi, Dada. Tumezungumza kuhusu mfuko kutochanika, kutovuja na kutolegea, lakini korosho iliyokaangwa huharibika pia kwa oksijeni, ambayo huyachachusha mafuta yake. Wanga na kitosani huzuia oksijeni vizuri zikiwa kavu, na kizuizi hicho hushuka kadiri unyevu unavyopanda. Nta haiizuii kwa kiwango cha kutosha. Na mshono wa gundi usiopakwa ni njia nyingine ya hewa. Mfuko wako utafaa kwa korosho inayouzwa ndani ya wiki chache tangu kukaangwa, na hapo utashinda karatasi tupu kwa mbali. Kwa korosho itakayokaa ghalani au kusafirishwa mbali, ufungashaji wa kuondoa hewa bado haujapata mbadala wa karatasi kwa gharama ambayo kikundi kinaweza kuilipa.

Weka korosho katika mfuko wa mpangilio mpya na nyingine katika karatasi tupu, uzitunze kwenye rafu ileile ya duka mnamouzia, na kila wiki wape kina mama wazionje bila kujua ipi imetoka wapi. Wiki watakayoanza kuikataa ya mfuko wako, rudi nyuma wiki moja, na tarehe hiyo ndiyo uipige muhuri kwenye mfuko. Toleo la msimu wa mvua lipewe tarehe yake peke yake.